Namna Lempi Alivyorudi Sakafuni

Lempi Karvonen alianguka jikoni kwake, mchana kweupe, kwenye sakafu kavu, akiwa amevaa viatu vya soli ya mpira, na hilo lilimuudhi kuliko maumivu yenyewe. Angeanguka kwenye barafu angeelewa. Hapa Calumet, mji wetu wa theluji kando ya ziwa, kila mtu huanguka kwenye barafu, mchungaji na mlevi sawia, na anayekucheka leo ndiye utakayemcheka kesho. Lakini yeye alikuwa ametoka kwenye jiko la kupikia na birika la kahawa anaelekea mezani, kijisafari alichokifanya tangu alipoolewa katika nyumba ile, na katikati ya njia mguu ukaghairi.

Alilala pale muda mrefu. Kahawa ilimwagika, ikasambaa hadi chini ya jokofu, ikapoa. Alijaribu kujiinua kwa mikono, moja kwa moja, kama anavyoinuka kijana, na kila mara kifundo cha mkono wa kushoto kilimchoma akarudi chini. Simu ya ukutani ililia, ikachoka, ikanyamaza. Akaangalia meza yake kwa chini, upande ambao hakuwahi kuuona miaka yote hiyo, akasoma jina la kiwanda lililopigwa muhuri kwenye ubao, akamaliza, akalisoma tena.

Aliyemkuta ni Waino, mdogo wa marehemu mume wake, anayekaa nyumba ya pili, ng'ambo ya uwanja. Alikuja na samaki wa kukaushwa kwa moshi, kamfunga kwenye gazeti. Alibisha, akaingia bila kungoja kuitikiwa, kama kawaida yake.

"Shemeji," alisema, "unatafuta nini huko chini?"

"Natafuta mtu mwenye akili. Bado sijampata. Piga simu."

Hospitali walisema kifundo kina ufa, nyonga imevilia damu, na kwamba kwa mwanamke wa miaka themanini na kitu ana bahati. Lempi akakubali kwamba ana bahati, akafungwa mkono, akarudishwa nyumbani. Na hapo ndipo alipoanza kuogopa.

Ili uielewe aibu aliyoiona kwa woga huo, lazima ujue alikuwa nani. Lempi aliendesha lori la kusukuma theluji la kaunti, lile lenye beleshi la chuma mbele lenye upana wa barabara nzima. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa funguo katika karakana ile. Wanaume walisema hatafika Krismasi. Zikapita Krismasi na Krismasi, wao wakastaafu mmoja mmoja, yeye bado yuko usukani. Theluji ya hapa hutoka ziwani, na ikiamua kushuka hushuka mpaka watu wanatokea dirisha la juu kwenda kuuchimbua mlango wa chini. Ni yeye aliyewafungulia njia waliokuwa na uchungu wa kuzaa, na ni yeye aliyekuwa mbele ya gari la maiti makaburi yalipozibwa. Dale Rautio, ambaye siku hizi ndiye msimamizi wa karakana, alifundishwa naye kazi. Dale husimulia mpaka leo kwamba alimaliza majira mazima ameketi kando ya yule mama, kwenye upepo ambao haukuonyesha hata pua ya gari, na hakuwahi kumwona akipangusa jasho.

Sasa mwanamke huyo alikuwa akivuka jiko lake kwa kudandia. Kutoka jiko hadi mgongo wa kiti, kutoka kiti hadi meza, kutoka meza hadi jokofu, kutoka jokofu hadi fremu ya mlango, na pale penye nafasi tupu kabla ya kufika sebuleni alisimama kwanza, akavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuvuka mto. Hakuna aliyejua. Mgeni akibisha, Lempi alihakikisha ameketi kabla ya kusema ingia.

Woga wenyewe haukuwa kichwani. Kichwa chake kilikuwa kizima na kilijua kwamba sakafu ni sakafu. Woga ulikuwa kwenye nyayo. Kila alipogeuka, nyayo zilikumbuka, miguu ikakakamaa, na mwili mzima ukawa mgumu kama nguo iliyoachwa kambani usiku wa baridi. Kanisani hakwenda, alisema ana mafua. Sanduku la barua liko barabarani, akamwomba tarishi amletee mlangoni, akasingizia nyonga. Na kadiri alivyotembea kidogo ndivyo miguu ilivyozidi kuisha nguvu, na kadiri miguu ilivyoisha nguvu ndivyo woga ulivyozidi kupata haki yake. Lempi aliliona jambo hilo waziwazi, na bado hakuweza kulizuia.

Kilichomuuma zaidi ni sauna, bafu la Kifini la joto na mvuke. Kibanda cha sauna kiko nyuma ya nyumba ya Waino, kilijengwa kwa magogo na baba yake Waino, baba mkwe wa Lempi, na ukoo mzima umeogea humo kila Jumamosi, walio hai na waliokwisha kufa. Waino huwasha kuni mchana, na moshi ukipanda juu ya paa Lempi huvuka uwanja na taulo lake begani. Lakini ndani ya sauna mna mbao zenye maji, ngazi za kupanda, na joto la kumlegeza mtu. Kila Jumamosi akapata ugonjwa mpya.

"Shemeji, mara ya mwisho kuoga lini?" Waino alimuuliza akiwa amesimama mlangoni, theluji imemjaa kwenye nyusi. "Upepo ukitoka kwako, mbwa wangu anaingia ndani mwenyewe."

"Nina bafu humu ndani."

"Bafu la kuoshea vyombo."

"Basi vyombo ni visafi kuliko wewe. Funga mlango, unanipotezea joto."

Alicheka kwa sauti ili asikike. Waino alipoondoka alibaki ameshika ukingo wa meza, akiutazama ule moshi dirishani, na machozi yakamjia, jambo ambalo halikutokea hata kwenye mazishi ya mume wake, ambako alikuwa na kazi ya kupika.

Hospitali walikuwa wanamtuma mtaalamu wa mazoezi ya viungo kumtembelea nyumbani. Jina lake Colleen, mama wa makamo mwenye mabega mapana na viatu vikubwa, ambaye hakukubali kudanganywa. Siku ya kwanza tu aliuona mgongo wa kiti umeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Mama Lempi, unadandia."

"Ninapumzika njiani."

"Sawa. Sikiliza. Sikuja kukufundisha usianguke. Utaanguka tena, mimi pia nitaanguka. Nimekuja kukufundisha kuamka."

Akaivuta ile meza pembeni, akavua viatu, akajilaza sakafuni chali, mama mzima, akaonyesha. Usiinuke moja kwa moja. Kwanza tulia, jikague. Kisha jibiringize ubavu. Egemea kiwiko, halafu kiganja. Piga magoti, utambae kama mtoto mpaka kwenye kiti kisichotikisika. Mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, unyayo wote chini, sukuma. Colleen akasimama, akapangusa suruali.

"Zamu yako."

"Nimeona."

"Kuona si kufanya."

"Mimi na sakafu hiyo tumeshaonana," Lempi akasema. "Sina haja ya kuonana nayo tena."

Colleen alimbembeleza, akamshikia mkono, akamwahidi kulala naye pale chini. Lempi alikataa kila mara alipokuja. Mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika sinki alikubali. Kupanda na kushuka kipandio alikubali. Kulala chini kwa hiari yake, hapana.

Marlene, binti yake pekee, anakaa mbali, katika jiji la Milwaukee. Alipiga simu akasema ameona mahali pazuri pa kutunzia wazee karibu na kwake, pana lifti, zulia kila chumba, na wauguzi wanaopita kujulia hali. "Mama, silali. Simu ikilia najua ni wewe uko chini." Zamani Lempi angemjibu kwa neno moja. Safari hii akasema atafikiria. Marlene hakutegemea jibu hilo, na lilimtisha kuliko lile analolijua. Lempi akaweka simu, akaketi akilitazama jiko lake kana kwamba tayari ni la mtu mwingine.

Ikawa Jumamosi moja ya Februari. Theluji ilianguka tangu juzi yake, ikakatika alfajiri, upepo ukabaki kuirundika barabarani. Mchana Lempi alikuwa dirishani, ameketi, akaona moshi wa sauna unapanda. Akasuka nywele. Akamenya viazi. Alipoinua macho tena moshi ulikuwa mwembamba, na hilo halikuwa la kawaida, kwa sababu Waino hauachi moto ufe. Akaangalia vizuri. Kando ya rundo la kuni, kwenye njia, palikuwa na kitu cheusi ambacho asubuhi hakikuwepo. Kisha kile kitu kikainua mkono.

Alipiga simu ya dharura. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole: gari la wagonjwa litakuja, lakini barabara imezibwa na rundo kubwa chini ya kilima, lazima lori la theluji litangulie. Akae naye mahali pa joto. Lempi akasema hayuko mahali pa joto, yuko nje amelala na shati. Sauti ikasema wanafanya wanaloweza, na Lempi aliamini, maana kazi ile anaijua. Alijua pia inachukua muda gani kuchimba rundo la chini ya kilima.

Akavaa viatu vyenye meno. Akakaza kamba. Kwenye baraza palikuwa na kiti cha kusukuma cha mama yake, kiti cha mbao kilichofungwa juu ya vyuma viwili virefu vya kutelezea, ambacho akina bibi wa Kifini wa hapa walikuwa wakikisukuma mbele yao kwenda dukani. Akakishusha kipandio kimoja, akakishika kwa mikono miwili, akatoka. Alivuka uwanja kidogo kidogo, akimtukana Waino kwa Kifini njia nzima ili asisikilize nyayo zake. Mara moja mguu uliteleza, kiti kikakimbia mbele, akaning'inia nacho. Alisubiri kisimame. Akaendelea.

Waino alikuwa amelala chali, uso mwekundu, midomo imeanza kuwa ya kijivu.

"Rudi nyumbani, Lempi. Utaanguka."

"Nimekuja kukuangalia ulivyolala kama gogo. Umevunjika?"

"Nini?"

"Umevunjika?"

"Sisikii. Kifaa cha sikio kimeruka huko kwenye theluji. Nilikuwa nabeba kuni."

Akamwonyesha kwa mikono: miguu. Waino akaichezesha yote miwili. Akamgusa nyonga, shingo. Waino akatikisa kichwa, hakuna maumivu makubwa. Akajaribu kuinuka, moja kwa moja, tumbo likitetemeka, na akarudi chini kwa kishindo. Lempi aliijua ile sura. Ndiyo sura aliyokuwa nayo yeye chini ya meza.

"Jibiringize ubavu," akamwambia. "Ubavu. Kisha magoti."

"Nani anagota?"

"Magoti, Waino."

"Shemeji, nenda ndani kabla hatujawa wawili."

Kumvuta asingeweza, alikuwa mzito mara mbili yake, na mkono wake wenye ufa ulikuwa haujapona sawasawa. Kumweleza asingeweza. Barabara ilikuwa kimya, hakuna hata mngurumo wa mbali. Lempi akakisukuma kile kiti mpaka kwenye rundo la kuni, akakibana kwa magogo mawili kisiteleze, akakitikisa, kikakataa kutikisika. Kisha akasimama pale akitazama chini.

Aliniambia baadaye kwamba dakika ile ndiyo ndefu kuliko zote, ndefu kuliko ile ya jikoni, kwa sababu ya jikoni hakuulizwa. Alishika kiti, akapiga goti moja, la pili, akaweka viganja kwenye theluji, baridi ikapita glovu. Akajilaza ubavu. Kisha akalala chali kabisa, bega kwa bega na shemeji yake, wakitazama mbingu moja.

Waino akageuza kichwa. "Sasa ndiyo umefanya nini?"

Lempi akanyoosha kidole machoni pake: nitazame. Akajibiringiza ubavu. Akangoja mpaka Waino naye akabiringika, akinguruma kama boti. Akaegemea kiwiko, Waino akaegemea kiwiko. Kiganja. Magoti. Wakawa wamepiga magoti na mikono chini, wazee wawili, nyuso karibu kugusana, pua zinatiririka.

"Mama yetu angetuona," Waino akasema.

"Angesema hatimaye umejifunza kusali."

Hilo alilisikia. Wakatambaa mpaka kwenye kiti, Lempi mbele. Mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, unyayo wote chini. Alisukuma. Kwa kitambo mwili ulisita katikati, si chini wala juu, na nyayo zikataka kukumbuka. Akazisukuma hivyo hivyo, akasimama. Amesimama peke yake, hakuna aliyemshika, kwenye theluji. Akampisha Waino. Waino alihitaji kujaribu tena na tena, na katikati alitukana vitu vingi ambavyo havikuwa na hatia, lakini alisimama.

Walijikokota mpaka chumba cha kubadilishia nguo cha sauna, ambako joto lilikuwa bado limejaa. Lempi akatupa kuni motoni, akamfunika Waino kwa mataulo yote yaliyokuwepo, akapasha kahawa. Midomo ya Waino ikarudi rangi. Walikuwa kikombe cha pili, na mkate wa iliki, mlango uliposukumwa wakaingia wahudumu na machela, na nyuma yao Dale Rautio, ambaye alikuwa amekuja na lori mwenyewe baada ya kusikia ni nyumba ya nani.

"Mama Lempi, tumeambiwa kuna mtu ameanguka."

"Mmoja alianguka, mmoja alijilaza. Lile rundo la chini ya kilima ulilichimba kutoka upande gani?"

"Wa kushoto."

"Ndiyo maana umechelewa. Keti unywe kahawa."

Usidhani woga uliisha siku hiyo. Kesho yake alipoamka nyayo zilikuwa na woga ule ule. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa na jibu la kuzipa. Colleen alipokuja alimkuta amekwisha kuivuta meza pembeni, na Lempi akajilaza sakafuni mbele yake bila kuambiwa, akaamka, akamuuliza, "Mguu nimeweka sawa?" Colleen alisema uko sawa, kisha akageuka kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakukipata. Tangu hapo kila asubuhi Lempi alishuka chini mara moja na kuamka mara moja, kabla ya kahawa, na taratibu mgongo wa kile kiti ukasahau mkono wake. Jumamosi alivuka uwanja na taulo begani. Kwenye ngazi za sauna alishika ukuta, na hakuficha.

Waino naye hana siri. Kwenye kahawa ya kanisani alisimulia jambo lote, akajiongezea ujasiri kidogo, na katikati ya vicheko mama mmoja aitwaye Hilja Saari, aliyekaribia miaka tisini, akauliza polepole, "Lempi, unaweza kunionyesha mimi?" Kisha mwingine akasema naye angependa. Ilibainika kwamba karibu kila aliyekuwa kwenye meza ile alikuwa akidandia nyumbani kwake, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Ndivyo lilivyoanza darasa la Alhamisi kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Colleen alikuja siku za mwanzo kuhakikisha hakuna anayejivunja, halafu akamwachia Lempi. Na Lempi aliliendesha kama alivyoliendesha lori: hana haraka, hana huruma ya bure, hamwachi mtu njiani.

Marlene alikuja mwezi wa tano bila kupiga simu, na karatasi za ile nyumba ya Milwaukee kwenye mkoba. Nyumbani hakumkuta mtu. Akaelekezwa kanisani, akashuka ngazi, akafungua mlango, akamwona mama yake amelala chali sakafuni na wazee wengine wametapakaa huku na huko kama baada ya vita.

Alipiga yowe moja, akakimbia, akapiga magoti kando yake. "Mama. Mama, usijitikise, nimekuja."

"Nakuona. Unanizibia, wanashindwa kunitazama."

"Umeanguka?"

"Niko kazini, Marlene. Vua koti, ulale hapo."

Marlene akatazama huku na huku. Wazee wote walikuwa wameinua vichwa wakimtazama. Akavua koti, akalala kando ya mama yake na nguo zake nzuri za safari. Lempi akatoa maagizo, ukumbi mzima ukabiringika, ukaegemea viwiko, ukatambaa, na mmoja mmoja wakasimama kwa viti vyao, wakipumua, wakirekebisha sweta. Marlene, aliyeketi ofisini miaka thelathini, ndiye aliyekwama akiwa amepiga magoti.

"Mguu wenye nguvu mbele, mwanangu," Hilja akamwambia kutoka juu, amesimama wima ameshika kiti chake. "Usiwe na haraka. Wote tulianza hivyo."

Ukumbi ukacheka, na Marlene akacheka mpaka akashindwa kusukuma. Lempi hakumpa mkono. Alisimama mbele yake, mikono nyuma, mabega yamerudi mahali pake pa zamani, akamngoja binti yake ainuke mwenyewe.